Nani kasema lenzi ndefu si za renjifainda?

Wadau, kuna wimbo nimeuchoka. Kila anayenunua kamera ya filamu ya renjifainda, iwe Leica M6 iliyorudishwa sokoni mwaka 2022 au Bessa ya mtumba, anaambiwa: funga lenzi ya milimita 35 au 50, basi. Lenzi ndefu za zamani, za 90 na 135? Eti hizo ni za kupamba kabati.

Nani kasema? Mwaka 1950 David Douglas Duncan wa jarida la Life alikwenda kwenye vita vya Korea na Leica zilizofungwa lenzi za Nikkor kutoka Japani, ikiwemo ya milimita 135. Picha zile ndizo zilizoufanya ulimwengu ugeuke kuitazama Nikon. Leo mtu anayepiga picha za paka wake sebuleni anatuambia haiwezekani!

Kwa ambao hawajaishika: kwenye renjifainda hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha cha pembeni, na ndani yake kuna mistari inayoonyesha picha itaishia wapi. Ukifunga lenzi ya 135 kwenye M6, mistari hiyo inakuwa kijisanduku kidogo katikati. Wapinzani wanasema hapo ndipo tatizo lilipo. Mimi naona hapo ndipo faida ilipo, hasa kwetu sisi wa magazeti.

Kwenye SLR yenye lenzi ndefu, uso mmoja wenye hasira unajaza kidirisha chote. Huoni kwamba watu wengine hamsini pembeni yake wamesimama wanakula mahindi ya kuchoma. Kesho yake ukurasa wa kwanza unapiga kelele kwamba mji unawaka moto! Kwenye renjifainda unauona uso ule na hao hamsini kwa wakati mmoja. Bado unaweza kudanganya, lakini utakuwa umeamua kudanganya kwa macho yako mwenyewe. Hivi hilo ni jambo dogo kwa mtu anayelipwa ili aseme ukweli?

Hoja ya pili ni fokasi. Hii ina uzito, ila wengi wanaitumia vibaya. Usahihi wa renjifainda unategemea umbali kati ya madirisha yake mawili ya kupimia, ukizidishwa kwa ukuzaji wa kidirisha. M6 ya kawaida ni milimita 69.25 mara 0.72, karibu 50. Hiyo inatosha kwa 135 yenye tundu la f/4. Bessa R2A ni 37 mara 0.7, kama 26 tu, na haina hata mistari ya 135. Kwa hiyo mwenye Bessa abaki na 90 ya f/4, nayo itamtendea haki. Hayo ni mahesabu, na kila kamera ina yake. Ndugu zangu wanachukua udhaifu wa kamera moja na kuzihukumu lenzi zote.

Tena lenzi zenyewe hazina ugumu. Hektor ya Leitz ya sentimita 13.5, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1930, inafungwa kwa skrubu. Unahitaji adapta yenye unene wa milimita moja, na fokasi inaendelea kufanya kazi na kamera ya leo. Nunua adapta inayoleta mistari ya 135, si ya 50. Tafuta kingajua, maana vioo vya zamani havipendi mwanga wa mbele. Na ukiletewa Jupiter ya Kisovieti, ijaribu kwanza kwa tundu lililo wazi, kwani baadhi yake hazielewani na renjifainda ya Leica.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba maneno haya yanawafukuza vijana. Lenzi ya 35 yenye jina inauzwa kwa bei ya pikipiki, wakati 135 nyingi za zamani zinapatikana kwa bei ndogo sana kuliko hiyo. Anayemwambia kijana asiguse lenzi ndefu anamfungia mlango pekee ambao mfuko wake ungeweza kuufungua.

Filamu ni ghali, sibishi. Ndiyo maana usipoteze hata moja kwa kusikiliza ushauri wa watu ambao hawajawahi kuifunga lenzi wanayoiponda. Ifunge, pima, piga, halafu uje ubishane nami ukiwa na negativu mkononi.

Nawasilisha.