Ayurveda Yafaa Ipimwe, Isiabudiwe

Wapo wasomi ambao wakiisikia Ayurveda ikitajwa, mara hucheka, kwa kuwa tu haikutoka Ulaya. Wapo na wengine wanaoimeza nzima nzima kwa sababu hiyo hiyo. Ni nadra kumkuta katika makundi hayo mtu aliyejishughulisha kuuliza elimu hiyo ya tiba, iliyozaliwa Bara Hindi zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, inafundisha nini hasa.

Jina lenyewe ni la Kisanskriti, na maana yake ni elimu ya uhai. Vitabu vyake vikuu vya kale ni vile vinavyohusishwa na Charaka na Sushruta. Msingi wa mafundisho yake ni kwamba mwili wa binadamu umejengwa kwa asili zile zile zilizoujenga ulimwengu, yaani anga, hewa, moto, maji na ardhi. Ndani ya mwili asili hizo hujidhihirisha kama nguvu tatu ziitwazo dosha. "Vata", ya anga na hewa, huendesha kila mwendo wa mwili, pumzi ikiwemo. "Pitta", ya moto na maji, husaga chakula na kutia joto. "Kapha", ya maji na ardhi, huujenga mwili na kuushikamanisha. Kila mtu huzaliwa na kipimo chake cha nguvu hizo, na kwa hiyo chakula kinachomfaa jirani si lazima kimfae yeye. Mwenye afya ni yule ambaye nguvu zake zimekaa katika kipimo chake, moto wa tumbo lake unawaka sawasawa, taka zinatoka kwa wakati wake, na nafsi yake imetulia. Ugonjwa ni mizani iliyolemea upande mmoja.

Mambo haya si mageni kwa msomaji wa Kiswahili kama anavyoweza kudhani. Watu wanapoyaita maumivu ya viungo "baridi yabisi" wanatumia, pengine bila kujua, lugha ya tiba ya Wayunani iliyopitia mikononi mwa Waarabu, ambayo nayo iliupima mwili kwa joto na baridi, umajimaji na ukavu. Katika Ayurveda, vata ina tabia ya ubaridi na ukavu, na viungo vinavyouma huhesabiwa kuwa vimeingiliwa nayo.

Thamani kubwa ya elimu hii imo katika nidhamu ya kuishi. Mtu hufundishwa kuamka kabla ya jua, kusafisha meno na ulimi, kuupaka mwili mafuta, na kufanya mazoezi mpaka nusu ya nguvu zake. Hufundishwa kutokula tena kabla chakula cha kwanza hakijasagika, na kubadili mlo kwa kufuata majira ya mwaka. Charaka amekazania pia kwamba haja za mwili zisizuiwe, iwe ni usingizi, kiu au haja ndogo. Mwalimu anayejizuia mpaka kengele ilie, na karani anayekiacha chakula cha mchana kwa ajili ya majalada kisha akala shibe mbili usiku, wangekemewa vikali na mabwana hao wa kale. Hapo hapana haja ya kuiamini vata ili kukiri kwamba wamesema kweli.

Lakini nidhamu ya kuishi ni jambo moja, na dawa ni jambo jingine. Hakuna chombo cha maabara kilichowahi kuipima vata. Waganga wa Kihindi waliutambua tangu zamani ugonjwa wa mkojo mtamu kama asali. Hata hivyo mtoto ambaye mwili wake hautengenezi insulini atakufa akinyimwa sindano yake, hata mlo wake uwe na mizani ya namna gani. Anayemwambia mzazi vinginevyo anahatarisha roho ya mtoto, na umri wa vitabu anavyovitaja haupunguzi hatari hiyo.

Kwamba dawa hizi zinaweza kupimwa, India yenyewe imeonyesha. Mwaka 1835 watawala wa Kiingereza walikomesha mafunzo ya Ayurveda katika Chuo cha Sanskrit cha Calcutta, wakafungua chuo cha udaktari wa Kizungu. Dharau hiyo haikuwa kipimo cha kitaalamu. Kipimo kilikuja baadaye, pale Rustom Jal Vakil, daktari wa Bombay, alipowapa wagonjwa wa shinikizo la damu mzizi wa sarpagandha, akayaandika matokeo yake mwaka 1949 katika jarida la Uingereza la magonjwa ya moyo. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, wakaitoa katika mzizi huo dawa ya reserpini, iliyotumika duniani kote, na madhara yake nayo yakaandikwa.

Pasipo kipimo, mambo huwa mengine. Mwaka 2004 wachunguzi walitoa taarifa ya dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa katika maduka ya eneo la Boston, Marekani. Dawa 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Si kila mara ilikuwa ni uchafu wa kiwandani, maana lipo tawi la Ayurveda linalotia madini katika dawa kwa makusudi, likiamini kuwa kuyachoma na kuyasafisha huondoa sumu yake.

India imekwisha kuiweka tiba hii chini ya sheria: dawa zake tangu 1964, na elimu ya waganga wake tangu 1970. Hata hivyo, serikali ilipoamuru mwaka 2005 kwamba dawa za mitishamba zipimwe madini yenye sumu, amri hiyo, iliyoanza kazi Januari 2006, ilianzia kwa dawa za kuuzwa nchi za nje. Mnunuzi wa kijijini Gujarat, ambaye ndiye mwenye elimu hiyo, ndiye aliyestahili kutangulizwa.