Ukisambaza picha ya kinyago, mtaje aliyekichonga

Msomaji, siku hizi kazi za mafundi wa Ukambani unazipata kwenye simu: vinyago, na vyondo vya makonge kutoka Kitui na Makueni. Ukivutiwa, unawatumia marafiki. Ni jambo jema, hata kwa afya. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, ikaeleza kwamba sanaa husaidia kukinga maradhi na kuwafariji wagonjwa.

Hata hivyo, picha haionyeshi vumbi. Vumbi la mbao likivutwa kwa miaka mingi huleta pumu, na limethibitishwa kuwa husababisha saratani ya pua. Msusi naye huinama kutwa, mgongo ukimuuma.

Watu hawa wana majina. Mutisya Munge wa Wamunyu, jirani na Kitui, anakumbukwa kwa kuanzisha uchongaji wa kuuza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Wengi waliomfuata huitwa tu "msanii wa Kikamba".

Jina humfikisha mnunuzi kwa fundi bila wakala, na fundi akilipwa vyema atamudu barakoa na matibabu. Kwa hivyo, kabla ya kusambaza picha, uliza: nani aliyeitengeneza kazi hii, na anapatikana wapi? Andika jina lake.

Nawe mchongaji, fanyia kazi mahali penye hewa, funika pua na mdomo. Kikohozi kikizidi majuma mawili, nenda hospitali.