Ngoma ni ya Wambuti, bei ipangwe na Wambuti

Mgeni mkubwa akifika Beni au Butembo, mara nyingi kundi la Wambuti linaitwa limchezee ngoma. Tarehe 9 Agosti, siku ya kimataifa ya watu wa asili, ni vilevile. Wanacheza, wanapigwa picha, watu wanapiga makofi. Kisha wanapewa chumvi, sabuni, pengine kasiksi, na wanarudi kwa miguu. Mwenye kupiga muziki kwenye arusi ya mjini anapatana bei kabla hajafunga spika. Kwa nini Mmbuti alipwe kwa huruma?

Jambo hili ni la zamani. Katika miaka ya 1950, Mwingereza Colin Turnbull alirekodi nyimbo za Wambuti upande wa Epulu, katika Ituri. Sahani zilitoka Marekani, na kitabu chake cha mwaka 1961 kilisomwa duniani kote. Jina lililobaki kujulikana ni la Turnbull. Leo simu imechukua nafasi ya mashine yake: video inazunguka kwenye mitandao, na aliyeimba hana habari nayo wala faida.

Wako watakaosema: watu wanauawa, nani anawaza utalii? Ni kweli. Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni inazika watu wake, na watalii wa Virunga na Ruwenzori hawawezi kutegemewa. Lakini wageni wako tayari: mashirika, waandishi wa habari, wajumbe kutoka Kinshasa. Hao wote wanaomba ngoma. Tusingoje amani ndipo tuanze kulipa haki.

Tena vita ndiyo sababu ya kuharakisha. Wambuti wengi wameukimbia msitu na wanakaa pembeni ya Oicha na miji mingine. Nyimbo zao zinakwenda pamoja na kazi: kurina asali, kutega nyavu, kuzika mtu. Mtoto anayekulia penye maturubai hajifunzi wimbo wa asali, kwa sababu asali yenyewe haioni. Wazee wakiondoka, tutabaki na mavazi ya majani ya kuvaa siku ya sherehe tu.

Sheria tunayo. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu wa asili mbilikimo, pamoja na utamaduni wao na ardhi yao. Amri ya mwaka 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake, hadi hektari 50.000. Kinachokosekana ni kuifikisha sheria mpaka uwanja wa ngoma.

Huko Australia, mwaka 1985 serikali iliwarudishia Waanangu ardhi ya mlima mtakatifu wa Uluru. Wanapata sehemu ya makuta ya mlangoni, nao wamo katika baraza linalosimamia mbuga. Mwaka 2019 kupanda mlima huo kulikatazwa, ijapokuwa watalii walipenda sana kuupanda. Hiyo ndiyo maana ya kuwa mwenye mali: kuwa na uwezo wa kusema hapana.

Kwetu tuanze na mambo matatu. Kwanza, anayeita kundi apatane bei na viongozi wa kundi mapema, na alipe pesa mkononi mwao, si kupitia kwa mtu wa katikati. Pili, hakuna kamera bila ruhusa, na video ikitumiwa kuomba msaada, waliomo wajulishwe na wapate fungu. Tatu, Wambuti wasaidiwe kuandikisha vyama vyao wenyewe, ambamo wao ndio prezida na ndio mshika hazina, wala si wapambe kwenye picha ya shirika la mtu mwingine.

Butembo inaweza kutoa mfano. Mji huu umezoea kujichangia barabara na shule bila kungoja Kinshasa. Wanande tunajua uchungu wa kuamuliwa mambo yetu na watu wa mbali. Basi tusiwafanyie Wambuti yale tunayoyalalamikia. Wenye mahoteli, wenye radio na wenye studio, kundi likija kesho, waulizeni kwanza: bei yenu ni ngapi? Na wakijibu kwamba wimbo huu hauimbwi mbele ya wageni, mkubali.