Usiku wa Kwanza Kambini Nao ni Kazi



Kila kampuni inapofungua shamba jipya la miwa au inapohamisha kikosi cha wachuma chai, wako wenzetu hapa Uganda wanaoambiwa asubuhi kwamba jioni watalala kambi nyingine. Trekta linakuja na tela, vyombo vinapakiwa, na giza linapoingia familia imekaa juu ya magodoro mbele ya mlango uliofungwa, ikimngoja nyapara wa kambi mwenye ufunguo. Ukiuliza ofisini, jibu ni lile lile: kuhama ni shauri la mtu na nyumba yake. Mimi nasema sivyo. Aliyehamishwa na kampuni yuko katika shughuli ya kampuni mpaka yeye na watoto wake wamelala salama, na chama hakina budi kulidai jambo hilo kwa maandishi.

Sheria zinatufikiria wakati wa kuondoka. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa aliyeajiriwa zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao haki ya kurudishwa kwa gharama ya mwajiri mkataba unapokwisha. Pendekezo namba 115 la Shirika la Kazi la Kimataifa, la mwaka 1961, linasema aliyeugua, aliyeumia kazini au aliyestaafu apewe muda wa kutosha wa kutafuta makao mengine kabla ya kuitoa nyumba ya mwajiri. Hayo ni mema. Lakini saa 12 za kwanza za anayeingia hazina mwenyewe.

Nataja sigiri kwanza kwa sababu ndiyo inayoua upesi. Mvua inanyesha, jiko la kambi halijulikani liko wapi, watoto wana njaa. Mama anawasha makaa chumbani, chakula kinaiva, na kwa kuwa sakafu ni ya baridi sigiri inaachwa pale pale. Mlango unakomewa kwa kuogopa wezi wa mahali pageni, na dirisha lenyewe ni moja, tena limezibwa kwa gunia. Makaa yanayofifia hayatoi moshi wa kuonekana, ila yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, mwili unalegea, mtu anadhani ni uchovu wa safari, analala na haamki tena. Basi pikeni kabla ya kupakia: viazi vitamu, maharage yaliyochemshwa, chai ndani ya chupa. Sigiri ilale nje, hata ikilowa.

Chandarua nacho kina jambo lake. Kile kipya chenye dawa hutakiwa kianikwe kivulini saa 24 kabla ya kulalia. Kampuni ikikugawia siku ya kuhama, umepewa kitu cha kesho, na mbu anayeleta malaria huuma zaidi usiku wa manane hadi alfajiri. Aliyekulia kwenye milima ya baridi ya Kabale, akashushwa mashamba ya bondeni, mwili wake haujauzoea ugonjwa huo kabisa. Vyandarua vigawiwe mapema, pamoja na misumari na kamba, maana wengi hukiweka chini ya mto kwa kukosa pa kukifunga.

Maji yabebwe kutoka unakotoka, katika jerikani lako mwenyewe. Ukikuta kopo zuri limeachwa chumbani, usiliguse. Huenda lilikuwa la dawa ya magugu, na kulisuuza hakulifanyi kuwa chombo cha maji.

Meneja mgeni anapohamia, nyumba yake hupigwa rangi kabla, taa hujaribiwa na kitanda hutandikwa. Sina kinyongo na maji yake ya moto. Nauliza tu ni nani aliyefagia chumba cha mkata miwa.

Kifungu ninachokitaka katika mkataba wa pamoja ni kifupi. Siku ya kuhama ilipwe kama siku ya kazi. Trekta litoke asubuhi, na ufunguo uwe mkononi mwa mfanyakazi kabla ya saa sita mchana. Mwakilishi wetu aingie chumbani kabla ya vyombo, aangalie komeo, dirisha, paa na choo, aandike alichokiona, na msimamizi aweke sahihi. Karatasi hiyo pia itamzuia mtu kukatwa mshahara baadaye kwa kioo alichokikuta kimevunjika.

Wako watakaosema mishahara kwanza. Ni kweli, mishahara kwanza, lakini hili haliigharimu kampuni zaidi ya posho ya siku moja na mafuta yale yale ya trekta, yatumiwe asubuhi badala ya magharibi. Matawi ambayo mazungumzo yao hayajafungwa yakiingize kifungu hiki sasa, na wajumbe wa kina mama wawepo mezani kinaposomwa, kwa kuwa ndio wanaojua chumba kinavyokuwa saa mbili usiku.