Shaba inatoka kwetu, nani anapanga njia zake?

Kila siku makamio yanatoka Kolwezi na shaba na kobalti, yanafuata Kasumbalesa. Tunajua kama kobalti mingi inaenda mu batri. Lakini kuko kazi ingine ya mawe yetu yenye hatuongeaka sana mu nyumba: puse, kale kapande kadogo kenye kufanya hesabu ndani ya telefone na ordinatere.

Mu 1997, IBM ilitangaza kama itatia nyuzi za shaba ndani ya puse pa nafasi ya aliminiamu, juu shaba inapitisha umeme muzuri zaidi. Kisha Intel ikatia kobalti mu nyuzi fulani zenye kuwa ndogo zaidi. Mu puse zenye zilifuata, ikarudilia shaba, na kobalti ikabakia kama ngozi nyembamba ya kuizunguka. Ile kobalti ni kidogo sana, haigusi bei. Ila inaonyesha jambo moja: mwenye kupanga njo anachagua jiwe, hapana mwenye kulichimba.

Zile nyuzi ni barabara za namba, na leo shida kubwa iko mu barabara. Mark Horowitz wa universite ya Stanford alionyesha mu 2014 kama kukamata namba mu memware yenye iko inje ya puse kunakula umeme zaidi ya mara 1 000 kuliko kujumlisha namba mbili. Ni sawa na mine yenye kuvunja jiwe kwa makuta kidogo, halafu faida yote inaishia mu mazutu ya makamio. Dawa ni ile ile: kuleta mashini ya kuponda karibu na shimo. Njo maana wanapandisha memware moja juu ya ingine, pembeni kabisa ya puse ya hesabu. Masomo ya kupanga vile yanaitwa arkitekture ya ordinatere.

Je, ni masomo ya wazungu tu? Hapana. Mu 2010, universite ya Berkeley, kule Marekani, ilianzisha RISC-V, lugha ya amri zenye puse inafuata. Kila mutu anaweza kuitumia bila kulipa. Kuko na gem5, programu ya bure yenye kuiga puse ndani ya ordinatere ya kawaida. Kujenga fabrike ya puse kunaomba miliare za dolare. Kusoma namna ya kuipanga kunaomba hesabu, mwalimu, na umeme wenye haukatike kila saa.

Sheria ya mines ya 2018 inaomba kampuni yenye kuchimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale. Mu mikutano tunaomba pompi, barabara, dispansere. Ni haki yetu. Tuongeze mambo mawili: burse ya watoto wenye kujua hesabu, na chumba cha ordinatere chenye umeme wa jua. Wazazi, mukiitwa mu mukutano, muende na ile ombi imeandikwa.