Biashara yako haina kwao

Kila nikimuuliza mfanyabiashara anwani ya tovuti yake, jibu ni lile lile: "Niko Facebook." Jamani, hapo si kwako! Wewe ni mpangaji asiyelipa kodi, na mwenye nyumba anaweza kubadili kufuli usiku.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na Zuckerberg hata si nduguyo.

Unadhani natia chumvi? Yahoo waliinunua GeoCities mwaka 1999, wakaifunga 2009 kote ila Japani. Google+ ilifungiwa watu wa kawaida mwaka 2019. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika pamoja kwa takriban saa sita. Siku hiyo, mwenye tovuti yake mlango wake ulibaki wazi.

Utasema tovuti ni ghali. Ghali ni madoido: video inayojicheza yenyewe na picha za megabaiti 5, huku mteja wako akihesabu bando. Ukurasa mmoja wa HTML unatosha: unauza nini, bei, mahali, saa za kazi, na nambari ya simu iliyoandikwa kwa maandishi, si ndani ya picha, ili mteja aiguse apige.

Anwani ya .co.ke isajili kwa jina lako, si la fundi wako. Nakala ya faili zako kaa nayo.

Facebook itumie kuita watu. Lakini waite waje kwako.