Daftari la Polisi Lisimfuate Mtoto Maisha

Wapo watu wasemao kuwa asiye na hatia hana la kuogopa katika daftari la polisi. Maneno hayo ni matamu masikioni, na aghalabu wayasemao ni watu ambao hawajapata kuandikwa humo. Mimi nayapinga.

Kijana wa Kenya amalizapo masomo na kutafuta kazi, huambiwa alete cheti cha maadili mema. Hulipa shilingi zaidi ya 1,000, huchukuliwa alama za vidole vyake vyote kumi, na alama hizo hulinganishwa na zile zilizowekwa na Idara ya Upelelezi wa Jinai. Zisipoonekana, hupata cheti safi. Zikionekana, kosa huandikwa. Na mwajiri akiisha kusoma jina la kosa, mara nyingi hasomi tena jina la mtu.

Haki ya mwajiri siikani. Amkabidhiye yaya mtoto mchanga, au ampaye mlinzi funguo za ghala, ana sababu ya kuuliza. Lakini kuuliza nako kuna mipaka yake, na wazee wetu waliijua taabu ya mipaka hiyo kukosekana. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika aliyefikia miaka 16 kuchukua kipande, chenye alama za vidole vyake na habari za kazi na mshahara wake. Alikitia katika kijaluba cha bati akakivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Bwana asipotia sahihi ya kumwachilia, hakuweza kuandikwa kazi kwingine. Sisemi kuwa cheti cha leo ni kipande, kwani kipande alivishwa Mwafrika peke yake. Nasema tu kuwa karatasi imsemayo mtu mbele ya mwajiri ina nguvu kubwa, na ashikaye kalamu yake hana budi kuchungwa.

Sasa nawageukia ninyi, wanafunzi. Mwaka 2018, migomo na moto vilipoenea shuleni, Idara hiyo iliwaonya wanafunzi kwamba atakayeshtakiwa, kosa lake litaonekana katika cheti chake. Wako walioshangilia onyo hilo, wakisema samaki mkunje angali mbichi. Naam, lakini kumkunja samaki si kumbanika mpaka awe mkaa.

Nisieleweke vibaya. Kuchoma bweni si utundu. Mwezi Machi mwaka 2001 wavulana 67 waliteketea katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, na hakuna mtu mwenye moyo awezaye kuliita jambo hilo mchezo. Atiaye moto na ajibu mahakamani. Ninalolipinga ni neno moja katika onyo lile: kushtakiwa. Kushtakiwa si kupatikana na hatia. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, yasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Kundi la wanafunzi likikamatwa usiku mmoja, yumo aliyewasha kiberiti, na yumo aliyeamshwa na kelele akatoka nje na blanketi lake. Je, wote wawili wabebe karatasi moja hata wawe na mvi?

Tena watunga sheria wetu wenyewe walikwisha kuliona jambo hili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikataza hata kutumia maneno ya kutiwa hatiani na hukumu ya adhabu juu ya mtoto aliyeshughulikiwa na mahakama ya watoto. Iliyofuata, ya mwaka 2022, ikapandisha umri wa kujibu mashtaka ya jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Itakuwaje basi neno lililokatazwa mahakamani lirudi kwa mlango wa afisi ya mwajiri?

Uingereza, iliyotuletea desturi hii ya alama za vidole, ilitunga sheria mwaka 1974 ya kuyahesabu makosa mengi madogo kuwa yamepita, mtu akiisha kukaa miaka kadhaa bila kosa jingine. Nasi tufanye hivyo. Asiyepatikana na hatia asionekane kabisa katika cheti, na kosa la utotoni lifungwe mtoto anapokuwa mtu mzima, isipokuwa yale ya kumwaga damu na kunajisi. Mwajiri naye aifuate sheria ya mwaka 2022, isemayo asidai vyeti vya namna hii kabla hajakusudia kumwandikia mtu mkataba wa kazi.

Hadi hapo, kijana akiona limeandikwa juu yake jambo lisilo la kweli, asijifiche kwa aibu. Kifungu cha 35 cha Katiba humpa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zimhusuzo zisahihishwe au zifutwe. Na aandike barua, aipeleke kwa mkono wake, adai nakala yenye muhuri wa kupokelewa.